Soya na Lehemu: Mwongozo kwa Walaji wa Ngara na Biharamulo

Ukitoka hospitalini na majibu yanayosema lehemu iko juu, ushauri wa kwanza utakaoupata mtaani mara nyingi ni huu: kunywa soya. Jirani atakuambia hivyo, muuza dawa za asili atakuambia hivyo, na dukani pakiti ya unga wa soya haikosekani. Ushauri huo si uongo, ila umebebeshwa mzigo unaozidi nguvu zake. Soya peke yake hushusha lehemu kidogo tu. Faida yake kubwa inatokana na kile inachokiondoa sahanini, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea: wanaiongeza juu ya mlo ule ule wa zamani, halafu wanangoja damu ibadilike.

Mwongozo huu ni kwa mtu mzima wa Ngara au Biharamulo ambaye amepimwa, au anafikiria kupimwa, na anataka kujua soya imsaidieje kwa chakula kinachopatikana huku.

Anza na karatasi ya majibu

Lehemu, ambayo wengi tunaiita kolesteroli, si sumu. Mwili unaihitaji kujenga seli, kutengeneza homoni na kutengeneza nyongo. Sehemu kubwa yake hutengenezwa na ini lako mwenyewe, na chakula huongeza tu juu yake. Ndiyo maana mtu mwembamba asiyekula nyama anaweza kukutwa na lehemu ya juu, na mnene akakutwa hana.

Kwenye karatasi utaona namba kadhaa. Usiishie kwenye ile ya jumla. Tafuta LDL, yaani lehemu inayosafirishwa kutoka kwenye ini kwenda mwilini, ambayo ikizidi hujipenyeza kwenye kuta za mishipa ya damu na kuifanya iwe myembamba ndani. Kuna HDL, inayorudisha lehemu kwenye ini. Na kuna trigliseraidi, mafuta yanayopanda hasa kwa sukari nyingi, wanga mwingi na pombe. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, jumla isiyofika 5.0 mmol kwa lita na LDL isiyofika 3.0 huhesabiwa kuwa salama. Mwenye kisukari, au aliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo, huwekewa kiwango cha chini zaidi. Maabara nyingine huandika kwa miligramu. Gawanya namba ya jumla au ya LDL kwa 39 upate namba hizi.

Ukienda Murgwanza, Rulenge au hospitali ya wilaya Biharamulo, uliza mapema kama kipimo kamili cha mafuta kwenye damu hufanyika pale au sampuli hupelekwa kwingine, na kama unatakiwa kwenda bila kula. Usione aibu kuuliza. Utafiti wa kitaifa wa 2012 uliopima watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne nchini ana lehemu ya jumla iliyopita kiwango. Hilo si tatizo la vigogo wa Dar es Salaam peke yao.

Ndani ya punje kuna nini

Katika gramu 100 za soya kavu, protini ni kama gramu 36, na mafuta ni kama gramu 20. Maharage ya kawaida hayana mafuta kiasi hicho, wala protini nyingi namna hiyo. Vitu kadhaa ndani ya punje hiyo vinagusa lehemu, kila kimoja kwa njia yake.

Kuna steroli za mimea, ambazo kwa umbo ni ndugu wa lehemu. Zinapofika utumboni hugombania mlango na lehemu, hivyo sehemu ya lehemu hukosa kufyonzwa na hutoka na choo. Njia hii ni ya hakika. Gramu 2 za steroli kwa siku hushusha LDL kwa asilimia 8 hadi 10. Tatizo ni kiasi: gramu 100 za soya zina steroli zisizofika hata robo ya gramu moja. Kupata gramu 2 ungelazimika kula zaidi ya kilo ya soya kavu kwa siku, jambo ambalo hakuna tumbo litakalolikubali.

Kuna nyuzi laini, zinazonasa nyongo utumboni na kuitoa. Ini likikosa nyongo yake hulazimika kuchota lehemu kwenye damu litengeneze nyingine. Kuna mafuta yenyewe, ambayo sehemu kubwa ni ya aina isiyoganda. Yakichukua nafasi ya mafuta yanayoganda, ini huiondoa LDL kwenye damu kwa kasi zaidi. Kuna protini, ambayo majaribio yanaonyesha inashusha LDL kidogo.

Halafu kuna isoflavoni, hasa jenisteini na daidzeini. Hizi ndizo zinazouzwa kwenye vidonge kwa bei kubwa na maneno mengi. Zina umbo linalofanana kidogo na homoni ya kike ya estrojeni, na kwa miaka mingi watafiti walidhani ndizo siri ya soya. Bakteria wa utumboni wa baadhi ya watu huigeuza daidzeini kuwa kitu kingine kiitwacho ekuoli, na wa watu wengine hawaigeuzi kabisa, kwa hiyo watu wawili wakila chungu kimoja miili yao haipati kitu kile kile. Lakini isoflavoni zilipotenganishwa na protini na kupimwa peke yake, LDL haikushuka kwa kiasi cha kuhesabika. Kama kuna mtu anakutembelea na vidonge vya isoflavoni akisema vitasafisha mishipa, fedha hiyo nunua chakula.

Jinsi matumaini yalivyopanda na kushuka

Mwaka 1995 James Anderson na wenzake wa Marekani walikusanya majaribio 38 na kukuta protini ya soya imeshusha LDL kwa karibu asilimia 13. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaruhusu vyakula vya soya viandikwe kuwa gramu 25 za protini ya soya kwa siku, pamoja na mlo wenye mafuta kidogo yanayoganda, huweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Sehemu kubwa ya maneno unayoyasikia leo yanatoka hapo.

Majaribio yaliyofuata yalikuwa makali zaidi, na faida ikapungua. Mwaka 2006 Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia ushahidi wote na kukuta LDL hushuka kwa asilimia 3 hivi. Mwaka 2017 mamlaka ile ile iliyotoa ruhusa ikapendekeza kuiondoa. Mwaka 2019 majaribio 46 yaliyotumika katika mjadala huo yalijumlishwa upya, na jibu likawa lile lile: asilimia 3 hadi 4.

Tuifanyie hesabu. Chukua mfano wa mwalimu wa miaka 52 mwenye LDL ya 4.2. Akila gramu 25 za protini ya soya kila siku bila kubadili kingine chochote, atashuka hadi 4.1 hivi. Bado yuko mbali na 3.0. Na kwa kuwa namba ya LDL hupanda na kushuka yenyewe kwa asilimia kadhaa kutoka siku moja hadi nyingine, kipimo kimoja hakitaweza hata kumwonyesha tofauti hiyo. Dawa za kushusha lehemu ambazo daktari huandika hupunguza asilimia 30 hadi 50. Kwa hiyo mtu asiache dawa kwa sababu ameanza soya. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa sababu wapo wanaoacha.

Lakini usiitupe soya bado. Mwaka 2003, huko Toronto, David Jenkins na wenzake waliwapa watu mlo uliounganisha protini ya soya, steroli za mimea, nyuzi laini na lozi, huku mafuta yanayoganda yakiwa machache mno. Kwa mwezi mmoja LDL ilishuka kwa karibu asilimia 29, jirani kabisa na dawa waliyopewa wenzao. Kilicholeta matokeo hayo ni sahani nzima, na soya ilikuwa mmoja wa waliokaa kwenye sahani hiyo.

Sahani ya huku kwetu

Mlo wa asili wa Ngara na Biharamulo, yaani ndizi, maharage, muhogo, viazi vitamu, magimbi na mboga za majani, tayari ni rafiki wa mishipa. Mwaka 1959 Shaper na Jones walichapisha utafiti wao wa Uganda, nchi ya ndizi kama Kagera, na kukuta Waafrika wa huko wana lehemu ya chini kuliko Wahindi walioishi nchi hiyo hiyo, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa nadra mno kwao. Baadaye Marina Njelekela na wenzake walipima watu wa makamo wa Dar es Salaam, Handeni na Monduli, na unene pamoja na lehemu mbaya ulionekana zaidi mjini. Chakula na kazi za mikono vilipobadilika, damu nayo ikabadilika.

Sasa mji umetufuata mpaka barabarani. Pale Nyakanazi, malori ya Rwanda, Burundi na Kigoma yanapokutana, mlo wa haraka ni nyama choma, chipsi na chapati, na mafuta ya kukaangia hutumika tena na tena. Kwa barabara ya Kibondo na Kakonko yanapanda mawese ya Kigoma, ambayo karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda. Mafuta ya alizeti yana kama asilimia 11 tu, na ya soya kama 15. Mtu anayeongeza kijiko cha unga wa soya kwenye uji wa asubuhi, kisha jioni akala kisamvu kinachoogelea kwenye mawese na nyama yenye mafuta meupe pembeni, soya yake inafanya kazi ya bure.

Basi ukitaka matokeo, iweke soya mahali pa nyama nyekundu, au mahali pa mafuta yanayoganda. Usiiweke mahali pa maharage. Hapa naomba nieleweke vizuri, maana nimeona familia zikiacha maharage kwa kuamini soya ni bora mara kumi. Uchambuzi wa majaribio 26 uliochapishwa Kanada mwaka 2014 ulikuta kwamba takriban gramu 130 kwa siku za maharage, dengu, choroko na jamii yake, bila soya, zilishusha LDL kwa asilimia 5. Maharage yako ya Ngara hayajashindwa na soya. Kama kila siku unakula maharage na ndizi na nyama unaiona sikukuu kwa sikukuu, soya itakuongezea protini nzuri, lakini kwa lehemu usiitarajie mengi. Anayefaidika zaidi ni mwenye mshahara au biashara, anayekula nyama karibu kila siku.

Na usisahau samaki. Mwaka 1996 Paolo Pauletto na wenzake walilinganisha wanakijiji wa Lugalawa, kule Ludewa, waliokula mboga na nafaka, na wenzao wa kando ya Ziwa Nyasa waliokula samaki kwa wingi. Walaji samaki walikutwa na shinikizo la damu la chini, lehemu ya chini na trigliseraidi za chini. Dagaa wa Ziwa Victoria wanafika Biharamulo kila siku. Soya leo, dagaa kesho, maharage keshokutwa: mpangilio huo naupenda kuliko soya asubuhi, mchana na jioni.

Jikoni

Wengi waliokuwa Ngara baada ya Aprili 1994, wakimbizi walipomiminika kutoka Rwanda kupitia Rusumo na kambi ya Benaco ikajaa watu, wanaukumbuka unga wa mchanganyiko wa mahindi na soya uliogawiwa kambini, na baadaye katika kambi ya Lukole. Nadhani unga ule, pamoja na unga lishe wa kliniki, ndio uliowafanya wengi waone soya ni chakula cha mtoto aliyedhoofu. Kwa mtu mzima anayetafuta kushusha LDL, uji si njia nzuri. Kijiko kimoja cha chakula cha unga wa soya kina protini ya gramu 3 hivi. Kufikia 25 utahitaji vijiko vinane au tisa kwa siku, na wengi wataukoleza uji huo kwa sukari, sukari ikapandisha trigliseraidi.

Njia nzuri ni punje nzima chunguni. Viganja viwili vya soya kavu, kama gramu 70, vikiiva vinakuwa kikombe kimoja, na kikombe hicho ndicho chenye zile gramu 25. Kipimo hicho ni cha mtu mmoja kwa siku, na si lazima kila siku.

Loweka usiku kucha kwa maji mengi, kwani soya huvimba zaidi ya mara mbili. Asubuhi mwaga maji hayo, usiyapikie. Ikishachemka dakika chache, epua, sugua punje kwa mikono ndani ya maji baridi, maganda yataelea, yaondoe. Ile harufu ya ubichi inayowakimbiza watu inapungua sana hapo. Kisha chemsha kwa maji mapya mpaka punje ibonyee kati ya vidole viwili. Usiichanganye na maharage tangu mwanzo, kwa sababu soya huchelewa kuiva. Maharage yatavurugika kabla yake. Vikiiva viwili hivyo ndipo uviunge pamoja kwa kitunguu, nyanya, karoti na kijiko kimoja au viwili vya alizeti kwa sufuria nzima. Pamoja na ndizi za kuchemsha, mlo huo unashibisha mpaka jioni.

Usile soya mbichi wala unga uliosagwa kutoka punje mbichi. Soya mbichi ina vizuizi vinavyoukatalia utumbo kuvunja protini. Tumbo litajaa gesi, litauma, na faida itapotea. Ukitaka unga wa kukoleza kisamvu au mchicha badala ya mawese, chemsha punje zilizolowekwa kwa dakika 20 hadi 30, anika zikauke kabisa, kaanga bila mafuta hadi ziwe za kahawia, ndipo upeleke mashineni. Saga unaoweza kuumaliza kwa wiki mbili au tatu, kwa kuwa mafuta ya soya huchacha upesi.

Maziwa ya soya nayo yanafaa. Saga punje zilizolowekwa na kumenywa, chuja, kisha chemsha huku ukikoroga. Jihadhari na povu: hupanda mapema sana na kukudanganya kuwa maziwa yamechemka. Punguza moto, lishuke, uendelee dakika 15 hadi 20. Makapi yanayobaki kwenye kitambaa yana nyuzi nyingi, kwa hiyo yatie kwenye mboga badala ya kuwapa kuku yote.

Kuhusu kahawa ya soya, ile ya punje zilizokaangwa zikawa nyeusi, ambayo Wasabato wameizoea siku nyingi: protini unayoipata kikombeni ni kidogo. Ila ina faida ya pembeni. Kahawa ya kweli inayochemshwa na unga wake bila kuchujwa kwa karatasi ina mafuta yaitwayo kafestoli, na hayo hupandisha LDL. Mnywaji wa vikombe vitano vya kahawa ya kuchemsha kwa siku anaweza kufaidika kwa kupunguza, na kinywaji cha soya kisicho na sukari kikachukua nafasi.

Vile vipande vikavu vya pakiti, nyama ya soya, karibu nusu ya uzito wake ni protini. Ni vizuri kwa asiye na muda wa kuloweka. Angalia tu chumvi iliyotiwa, na usivikaange kwa mafuta mengi.

Nani awe mwangalifu

Wanaume huambiana kuwa soya hupunguza nguvu za kiume. Majaribio mengi yaliyopima homoni za wanaume wanaokula soya hayakuona ikibadilisha testosteroni. Kula bila hofu.

Anayemeza dawa ya tezi ya shingo, livothairoksini, asiimeze pamoja na soya. Aache saa kadhaa kati yake, kwa sababu soya huzuia dawa isifyonzwe vizuri. Anayetumia wafarini amwambie daktari kabla ya kuanza maziwa ya soya, ili vipimo vya kuganda kwa damu vifuatiliwe. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kiasi cha protini anachoruhusiwa. Anayevimba midomo au kuwashwa mwili baada ya kula soya aiache kabisa. Soya pia hushikilia madini ya chuma, kwa hiyo mjamzito na mwenye upungufu wa damu wale pamoja na chungwa, papai au mboga za majani, na chai ya rangi waisogeze mbali na mlo.

Kurudi maabara

Anza kwa siku nne au tano kwa wiki: soya, maharage au dagaa mahali pa nyama, alizeti mahali pa mawese, sukari ya uji nusu ya zamani. Endelea hivyo kwa miezi mitatu, kisha rudi maabara ile ile, saa zile zile, ukiwa umejiandaa vile vile, ili namba zilinganishike. Beba karatasi ya kwanza.

Kama LDL imeshuka kwa asilimia 10 au zaidi, mlo wako unafanya kazi. Endelea, na mwonyeshe daktari. Kama haijasogea na mlo umeubadilisha kweli, usiongeze soya. Zungumza naye kuhusu dawa. Na kama namba ya LDL ni 4.9 au zaidi, au una uvimbe mgumu kwenye kano za kisigino au vifundo vya vidole, au baba, mama, kaka au dada yako alipata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, huenda lehemu hiyo ni ya kurithi. Hiyo haingoji miezi mitatu wala haiondoki kwa chakula. Nenda wiki hii, omba rufaa ya Bugando au hospitali ya kanda ya Chato ikihitajika, na wapeleke ndugu zako na watoto wako wapimwe nao.